Zile taa kwenye picha ya Mpanda ya zamani siyo taa za mji

Shikamooni walionizidi umri, kama wapo. Wakuu wengine wote marahaba, naipokea kabla hamjaitoa.

Uzi huu nauandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Nilisoma madarasa mawili tu kwa mapadre, kwa hiyo herufi ikipinda mnivumilie. Habari yenyewe haitapinda. Nilikuwepo, niliona, na wa kunibishia wote wako makaburini.

Nimekasirika. Nianze na hilo, msije mkadhani bibi anawatolea hadithi za kulalia.

Mjukuu wangu Deo ni mpiga picha. Anaijua kazi, nasema mbele za watu. Jua likizama anapanda kilimani, anaupiga mji wa Mpanda taa zikianza kuwaka, anachapisha kubwa kwenye kanvasi, wenye lodge wanatundika ukutani. Kwa hilo najivuna naye.

Juzi kaniletea nyingine, nyeusi na nyeupe. Kaikuta kwa mtu, kaikuza mpaka imekuwa kama mlango, kaitundika sebuleni kwangu nisifiwe na wageni. Chini kaandika: Mpanda miaka ya hamsini, mji wa taa.

"Bibi ona," ananiambia, "kumbe zamani mji ulikuwa unawaka hivi."

Nikamwambia aitoe kwenye ukuta wangu kabla sijaitoa mimi.

Sasa someni kwa nini.

Miaka hiyo, kabla ya uhuru, baba yangu alikuwa anafanya kazi mgodini. Tulikaa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kama meno. Mji wenyewe ulikuwa nini? Mnara wa mgodi, tangi la maji, stesheni, kanisa, maduka ya Wahindi yenye mabati. Umeme ulikuwa mgodini na kwenye nyumba za wakubwa. Ukitoka hapo ni miombo na fisi.

Kiangazi kimoja akaja Mzungu mmoja na kamera ya miguu mitatu. Alikuwa anajifunika kitambaa cheusi kichwani anachungulia, wanawake wakamwita Bwana Kitambaa. Wakubwa walimwita aupige mji saa ya magharibi, picha za kutundika maofisini na za kupeleka kwao, ili watu waone huku porini wamejenga mji.

Akapiga. Mji haukutosha. Upande wa kulia kulikuwa na kilima kitupu, cheusi tii, kinaharibu picha.

Basi akapata akili yake. Jioni ile nyapara akaja laini, akasimama katikati, akasema, "Wanawake, kesho mnapigwa picha. Kila mmoja aje na chemli yake imejaa mafuta. Vaeni vizuri. Kila nyumba itapata picha yake ya kutundika ukutani."

Hakusema tunakwenda kuwa madirisha ya nyumba ambazo hazipo.

Mama yangu aliitwa Anastazia. Laini walimwita Mama Vero, kwa sababu yangu mimi. Kwao ni Mamba, kule Mpimbwe kwenye mpunga. Alimfuata baba mgodini, na tangu siku hiyo hakumwona tena mama yake. Bibi mguu ulikuwa umekufa, hasafiri. Mama naye kila mwaka ama ana mimba ama ananyonyesha. Kila mtu wa Mamba aliyepita Mpanda alileta neno lile lile kutoka kwa bibi: mwambieni nataka kuuona uso wake kabla sijafa.

Kwa hiyo nyie mnaona picha. Mama aliona safari ya kwenda kwao.

Kesho yake alisugua kioo cha chemli kwa majivu mpaka kikawa kama hakipo. Akatoa khanga ya harusi iliyokuwa imekunjwa chini ya kitanda. Akajipaka mawese mpaka paji la uso linameta.

Jirani yetu Mama Tereza akamwona. "Mama Vero, unaolewa tena?"

"Naolewa na kamera. Mahari apelekewe mama yangu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nakumbuka kicheko kile kuliko mambo mengi.

Kilimani tulipangwa mmoja mmoja, huyu hapa, yule kule, katikati ya miti. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, nilikaa nyuma ya mama nimembeba mdogo wangu. Mama alikuwa wa tatu kutoka kwenye mninga mkubwa.

Bwana Kitambaa alipita akiinua chemli, akishusha chemli. Kiswahili alikijua vizuri tu, msimtetee. Alipofika kwetu mama akamuuliza, kwa adabu zote, "Bwana, uso wangu utaonekana?"

Akasema, "Ndiyo mama, ndiyo. Wewe simama tu. Ukitikisika unaharibu."

Kisha akatelemka, akavuka reli, akaenda mbali kule, akawa kama sisimizi. Hata mimi mtoto nikashangaa. Nikasema, "Mama, mimi simwoni, yeye atatuonaje?"

"Ile kamera ina jicho kubwa kuliko lako. Nyamaza."

King'ora cha mgodi kikalia. Taa za kule zikawaka. Nyapara akapuliza filimbi, maana yake msitikisike mpaka ya pili.

Na hapo upepo ukageuka.

Wakuu, pale kilimani kulikuwa na upupu umekauka, maganda yananing'inia kwenye vichaka. Asiyeujua upupu aombe asiujue. Ni vinyoya tu, huvioni, lakini vikikugusa utajikuna mpaka damu na bado hujafika panapowasha.

Ukatuangukia wote. Nikasikia Mama Tereza anaguna, mwingine anamtaja Bikira Maria, mwingine anataja vitu siwezi kuandika. Chemli zikaanza kucheza. Mkono mmoja unashika, mwingine unakuna. Mdogo wangu analia.

Mama hakutikisika.

Nilimwona shingo inavimba mabaka. Miguu inatetemeka chini ya khanga, kuanzia kiunoni kwenda juu ni jiwe. Machozi yanapita kwenye mawese. Nikamwambia, "Mama, jikune." Hakunijibu. Baadaye tunapakana majivu aliniambia aliogopa kufungua mdomo, asije akatokea mdomo wazi, mama yake akadhani huku Mpanda anapiga kelele na mume.

Filimbi ya pili ilichelewa kama mvua ya mwaka wa njaa.

Picha zikaja mvua za kwanza zilipoanza. Alizileta mwenyewe, akagawa laini, moja kila nyumba, saizi ya daftari. Amefurahi, anatupa mkono.

Mama akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Akapitisha kidole. Mnara, tangi, stesheni. Halafu kilima, cheusi vile vile, na vidoa vyeupe vimemwagika juu yake. Hakuna khanga. Hakuna mtu hata mmoja.

Mama Tereza akasema, "Mama Vero, umekuwa nyota." Safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mama akamfuata Bwana Kitambaa mpaka kwenye gari. "Bwana, nilikuuliza."

Akamwonyesha kidoa kimoja, anatabasamu. "Huyu wewe mama. Nuru yako imeonekana vizuri sana."

Mama akasema, "Mama yangu hakuzaa chemli. Alizaa mtu."

Yule bwana akacheka, akapanda gari, akaondoka. Nyapara akamwambia mama asitutie aibu.

Masika hayo hayo mama alikufa kwa uzazi, yeye na mtoto. Hakuna picha yake nyingine duniani.

Baba akanipeleka Mamba, tukapanda lori la mpunga, tukamalizia kwa miguu. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngozi nje ya nyumba, msiba ulishamfikia. Hakuuliza habari za kifo. Alinyoosha mkono tu. "Nimesikia mlipigwa picha."

Nikampa.

Akaiangalia sana. "Yuko wapi?"

Wakuu, nimezaa, nimezika, nimeugua. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kuinua kile kidole nikamwonyesha bibi yangu kidoa cheupe.

Akaweka gumba lake juu ya kidoa. Hakulitoa mpaka jua likazama. Miaka iliyofuata alikishika hivyo kila siku, hadi picha ikatoboka pale pale.

Ndiyo maana nimegombana na Deo. Kwanza aliniambia, "Bibi, hii inauzika, watu wanaipenda." Akanionyesha kwa kidole. "Angalia, taa hizi zote zina mikia, zimetikisika. Ila hii moja ya tatu kutoka kwenye mti imetulia kama sindano. Wateja wote wanaisifia hii."

Nikakaa chini. Nilikuwa sijui hilo. Picha ya bibi ilitoboka kabla sijapata akili ya kulinganisha taa ile na zingine.

Nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyie. Kafuta yale maneno yake ya mji wa taa. Anataka chini tuandike majina.

Niliyojifunza ni haya: mtu akikuelekezea kamera muulize anapiga nini, na akijibu ndiyo ndiyo, jikune, ondoka. Na nyie vijana mnaopiga miji jioni, kila taa ina mkono ulioiwasha. Ulizeni ni wa nani.

Nimehesabu taa kumi na tisa pale kilimani. Majina ninayo saba. Mwenye bibi au mama aliyekaa laini ya mgodi aulize nyumbani kama kuna aliyewahi kushika chemli kwenye upupu, alete jina hapa chini. Hata la utani. Matusi pia leteni, nimeyasikia makubwa zaidi kilimani pale.

Naanza mimi. Wa tatu kutoka kwenye mninga, Anastazia wa Mamba. Hakutikisika.