Bithika Haitwi kwa Nyuma

Katika mji wao mdogo kando ya mto Hugli, Bithika Sarkar alijulikana kwa kushona blauzi na kupanda milima. Blauzi zilimlisha. Milima ilimfanya asemwe mtaa mzima, maana mjane mwenye mvi, kavaa sari na raba, kabeba mkoba kama gunia, hapiti kimyakimya.

Naye alisafiri kwa mtindo wake. Hakuwahi kumlipa wakala wala mpagazi. Yeye na mashoga zake, wakiongozwa na mwalimu mstaafu Sulekha, walipanda behewa la bei ya chini, wakatafuna bisi za mchele zilizochanganywa na mafuta ya haradali, na jioni wakapika mchele na dengu katika sufuria moja. Walilala popote penye paa. Vijana wenye vifaa vya bei mbaya waliwapita asubuhi kwa mbwembwe, na mchana wakawakuta mbele yao, wamekaa juu ya jiwe wanakunywa chai. Mwanamke wa namna hiyo utaachaje kumpenda?

Kilichomkaa rohoni ni Kanchenjunga. Kila alipofika mgongo wa Sandakphu, ambako mlima huo huonekana wote, mawingu yaliufunika. Sasa goti lilikuwa limeanza kumsaliti, na daktari alimwambia waziwazi kwamba baada ya safari hii ya Sandakphu asahau milima.

Kikwazo kilikuwa nyumbani: mama mkwe wake, Hemnalini. Kwa watu wao, anayeondoka haitwi kwa nyuma. Akiitwa, safari imeingia mkosi. Lazima arudi, aketi, anywe maji, ndipo aanze upya. Mwaka uliopita, Bithika akiwa amefika kona, bibi huyo alimwita kutoka dirishani. Bithika alirudi, akaketi, akanywa maji, na treni ikaondoka bila yeye. Alilia kwa hasira jikoni, na tangu siku hiyo mazungumzo yao yakawa ya chumvi na dawa tu.

Safari hii aliinama akagusa miguu ya bibi, akasema, "Mama, naja," kwa kuwa kwao hakuna anayeaga kwa kusema anakwenda. Kisha akashika njia, mabega yamekakamaa, akisubiri kuitwa. Akalipita duka la peremende, akaipita kona. Kimya. Alishusha pumzi, lakini pia aliumia kidogo, kama kwamba bibi hakujali tena.

Karibu na stesheni, ambako Sulekha alikuwa akimngoja, riksho ya baiskeli ilimpita mbio, ikakata mbele yake, ikasimama. Juu yake alikuwa Hemnalini, ambaye hakuwa ametoka mtaani tangu mwanawe, mume wa Bithika, afariki. Alikuwa pekupeku, anahema, mkononi ana kofia ya sufu ya kufunika masikio.

"Sikukuita," akasema kabla hajaulizwa. "Nimekupita kwanza. Muulize huyu."

Mwenye riksho alijifuta jasho. "Amenitukana njia nzima nikanyage, lakini jina lako hakulitaja."

"Umesahau kofia, mkwe wangu. Masikio yakikatika kwa baridi huko, utanisikiaje nikikutuma sokoni?"

Bithika aliivaa palepale, kwenye joto lile. Kisha akauliza alichokifungia moyoni mwaka mzima: mbona mara ile alimwita?

Bibi alitazama chini. "Siku ya mwisho mwanangu naye aliniambia naja. Sikumwita."

Bithika alimshika mikono. Bibi ndiye aliyemsukuma.

"Tangulia. Ukauone huo mlima, uje unisimulie." Kisha akauma pindo la sari yake kwa meno, asije akajisahau akaita. Bithika aliingia stesheni bila kugeuka, na nyuma yake hakusikia kitu.

Walipofika Sandakphu, asubuhi mawingu yalifunguka, na Kanchenjunga ukasimama mweupe wote. Sulekha na wenzake walikuwa wakikumbatiana. Bithika aliutazama mpaka akashiba, machozi yakiloanisha kofia. Halafu akageukia kusini, yaliko mabonde na mto wao, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Mama, naja."