Sufuria ya Mama Mkwe

Ule mvuke, wee! Ukifika pale Sainte-Catherine, kabla hujaona hata taa nyekundu za Wachina, mvuke umeshakupiga puani: tangawizi, mafuta ya ufuta, mianzi iliyolowa. Mpaka leo nikiusikia, tumbo linanguruma na moyo unaruka, vyote pamoja. Ni kwa sababu ya baridi moja ya utotoni, tulipokuwa tumetoka Bujumbura tukapanga chumba huku ughaibuni, Anderlecht, mimi, mama na dada yangu Mwajuma. Mama alisafisha ofisi upande huo wa mjini, na kila Jumamosi alitupeleka kula dim sum, visambusa vyeupe vya mvuke vinavyoletwa mezani ndani ya vikapu vidogo vya mianzi. Sisi tulikula vya kamba tu. Watu wa ziwa tuliozoea ndagala, wale dagaa wetu, tukawapenda hao kamba wa baharini jamani! Unga wenyewe mwembamba, unamwona kamba amejikunja ndani kama mtoto kwenye chandarua.

Bon, Mwajuma akapata mchumba, Saidi, mtu wetu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Zuhura, aliyekaa Ganshoren, donc bila yeye hakuna ndoa. Kabla ya posa kuja, yakaja maneno yake: "Nasikia mnakula kwa Wachina. Hiyo ni nguruwe. Mtoto wangu haoi nyumba ya nguruwe." Mama akajibu kwamba tunakula kamba. Bi Zuhura akarudisha: "Lisemwalo lipo." Mwajuma akaacha kula, akawa anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Mama naye kichwa kigumu, akasema, "Basi aje! Nitamlisha hukohuko kwa Wachina, aone kwa macho yake."

Maneno yameshatoka, ndipo hofu ikamwingia. Mwanamke wa Buyenzi kama Bi Zuhura anajua sufuria, lazima atataka kuona jiko. Vile vikapu hupangwa kimoja juu ya kingine, na cha juu kikivuja, cha chini kinakunywa. Je, sisi tumekuwa tukinywa nini? Jumamosi ile tukaizunguka mitaa ya Wachina, mama anaomba kila mahali aone jiko. Tukaanza na mgahawa wetu wa kona, wenye visambusa vitamu kuliko vyote. Mama akachungulia: nguruwe juu, kamba chini, tone, tone, tone. Akatoka nje akatema mate, akatuvusha barabara. Wa pili ulikuwa na vikombe vya dhahabu, ila unga mnene kama soli ya kiatu, na mhudumu akasimama mlangoni: "Madame, jiko halitazamwi." Wa tatu mwembamba kama korido, viti vya plastiki, chumvi imezidi kidogo. Mwenye mgahawa, mwanamke mmoja mnene, akamvuta mama kwa mkono hadi jikoni. Nguruwe ina sufuria yake huku, kamba wana yao kule, na mfuniko wao. Kwa nini? Mama mkwe wake akila nguruwe, mwili mzima unamwasha. "Belle-mère," akasema, yaani mama mkwe, akapitisha kidole shingoni kama kisu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

Siku ikafika. Bi Zuhura akaketi pale penye viti vya plastiki bila kuvua koti. Vikapu vikaja, watu wa meza ya jirani wakaletewa vya nguruwe, sura moja na vyetu.

"Vyote vinafanana," akasema.

"Shangazi, hivi ni vya kamba," Saidi akambembeleza.

"Wewe nyamaza. Wewe umeshapofuka."

Akainuka, akaingia jikoni bila hodi. Mwajuma alinishika mkono chini ya meza mpaka vidole vikaniuma. Tukasikia mfuniko unaanguka, tukasikia Kiswahili kinapanda, Kichina kinapanda. Mama alifumba macho, midomo inacheza kwa dua. Halafu tukasikia mfuniko unarudishwa. Mlango ukafunguka, Bi Zuhura akatoka, mashavu yamejaa, anatafuna.

"Mwanamke huyu anamwogopa mama mkwe wake," akasema. "Hapa mimi nakula." Akamgeukia Mwajuma. "Na wewe unanitazama nini? Jifunze!"

Siku hizi mambo rahisi. Mlangoni pameandikwa halal, vijana wanahesabu nyota za mgahawa kwenye simu, wanakaa, wanakula. Bi Zuhura tumeshamzika, na pale penye viti vya plastiki panauzwa simu. Baridi hii mjukuu wa Mwajuma amepata mchumba, na watu wa binti wakatualika mtaa uleule, mahali panapong'aa. Vikapu vikaja. Dada yangu akavitazama, halafu akasema polepole, "Vyote vinafanana." Akainuka, fimbo yake ko, ko, ko, mpaka jikoni.

Binti wa watu akasukuma kikapu chake pembeni. Mimi nikacheka, nikamshika mkono chini ya meza. "Kula, mwanangu," nikamwambia. "Akirudi anatafuna, umeolewa." Nilisema hivyo, lakini chakula changu sikukigusa. Nilikuwa nautazama ule mlango wa jiko, na vidole vyangu, nakuambia, vilikuwa vinauma kama zamani.