Mwanamke wa Kisiwani na Beseni la Maji

Dada yangu mkubwa alikuwa mfupi hasa. Nikiwa darasa la sita tu, alikuwa ananifikia begani. Baba alimpenda, lakini kimo chake kilimtia haya. Kwetu, wachumba wakija kumtazama binti, yeye mwenyewe ndiye huwapelekea maji ya kunawa, akapiga magoti na kusalimia. Walipokuja wa kwanza, baba alinipa mimi beseni. Wageni wakanipenda. Baba alipolazimika kusema ukweli, kwamba anayeozwa ni dada, waliaga bila kumaliza ugali. Dada alikuwa jikoni, anasikia kila kitu. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenitukana.

Baadaye nikawa mwalimu wa historia katika shule ya msingi hapo Bariadi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameshaingia, kila mmoja na mzani wake, na maduka yamejaa redio na magazeti. Siku moja mwenye duka alinifungia sabuni kwa gazeti kuukuu. Nyumbani nikalisoma: kwenye kisiwa cha mbali huko Asia wamefukua mifupa ya mwanamke mtu mzima, kimo chake kama mita moja, ubongo mdogo kama wa sokwe, na pembeni zana za mawe. Hakuwa mtu kama sisi, bali ndugu wa mbali wa binadamu, wa ukoo uliokwisha kutoweka.

Nikamsomea dada tukichambua pamba.

"Alikuwa mgonjwa?" akauliza.

"Wengi wanasema hapana. Wanadhani chakula kilikuwa haba kisiwani. Wenye miili midogo walitosheka na kidogo, wakaishi, wakazaa wadogo wenzao."

Akacheka. "Kama ng'ombe tu. Ule mwaka wa ukame, si lile dume kubwa la baba la kutoka Mwandoya ndilo lililoanza kufa? Vidogo vyetu vya kienyeji vikabaki."

Nikaona aibu. Miaka yote nilikuwa nachora ubaoni msururu wa watu, wa mbele mrefu kuliko wa nyuma, nikiwaambia watoto ndiyo safari ya binadamu.

"Na huko kwao," dada akasema, macho kwenye pamba, "wageni wakija, maji alipeleka nani?"

Jumamosi hiyo walikuwa wanakuja wageni wengine wa kumtazama dada, kutoka Mwamapalala, na baba alishaninunulia mimi kanga mpya.

Walipoketi, baba akaniita. Nikatoka mikono mitupu.

"Baba, leo maji analeta dada," nikasema.

Dada akatoka na beseni, akapiga magoti mbele ya kila mgeni, akawasalimia kwa Kisukuma. Mzee mmoja akamgeukia baba.

"Ndiye huyu?"

Baba akakohoa.

"Ndiye," akasema. "Yule mliyeambiwa ni mrefu ni mdogo wake."