Mvi za Nyanya na Malkia wa Chumvi

Mtu akiniuliza kwa nini niliacha kosplei, humwambia nimezeeka. Ni uongo. Niliacha kwa hasira, na hasira yenyewe bado ninayo, mbichi kama siku ile.

Kosplei, kwa asiyejua, ni kushona vazi la mhusika, ukalivaa, ukapigwa picha ukiwa yeye. Mimi ni fundi cherehani. Riziki yangu ni madira ya harusi na sare za shule. Kosplei ilikuwa raha yangu. Mhusika huyu tulimbuni wenyewe, mimi na mpiga picha mmoja wa Mtwapa. Tulimwita Malkia wa Chumvi, na tulipanga kumpigia picha kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, kweupe chini, kweupe juu. Malkia ningekuwa mimi. Joho nililishona kwa magunia meupe ya chumvi, nikayafumua, nikayafua, nikayatia bitana ya satini. Taji nililisuka kwa ukili nikalipaka chokaa. Nililipenda joho lile, nisiseme uongo.

Tuligombana tangu mwanzo juu ya mwanga. Pale chumvini jua hugonga ardhi likarudi juu, likakupiga chini ya kidevu. Kivuli cha pua kinapanda, macho yanazama. Hata bibi harusi ukimpiga hivyo ataonekana ana hila. Mimi nilitaka tutandike mabuibui makuukuu miguuni, weusi uumeze mwanga ule, kisha nimulikwe kutoka ubavuni kwa ubao tulioubandika jaribosi, karatasi ile ya kung'aa. Yeye akashikilia kwamba mwanga wa chini una nguvu. Kwake kila kitu kibaya kilikuwa na nguvu.

Siku ya kujaribu mavazi alikuja nyumbani kwetu, Matsangoni. Tunaishi na nyanya yangu, mama yake baba. Kwake ni Ganze, huko bara, na kwetu hakuja kwa kupenda. Sisi tulifundishwa kwamba mvi ni heshima. Siku hizi huko, mzee mwenye mvi na shamba ana maadui. Mtoto akiugua, ng'ombe akifa, vijana wananong'ona kuwa mchawi ni yule kizee, na baada ya mnong'ono huja panga. Jirani yake nyanya aliuawa hivyo mlangoni pake, na shamba lake likapata wenyewe wapya kabla ya matanga kuanuliwa. Ndipo baba akaenda kumchukua mama yake. Tangu hapo kazi ya kumpaka piko kichwani ni yangu, mvi zisionekane.

Lakini nyanya alitaka kurudi. Masika yalikaribia, naye alitaka kulima mwenyewe. Mtoto wa kaka yake, anayekaa karibu na shamba, alikuwa amempa habari kuwa mambo yametulia, aje. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa.

Mpiga picha alimkuta uani, piko limefifia, mvi zimechomoza kwenye panja. Akafurahi kupita kiasi. Akasema malkia lazima awe na mama. Nyanya, anayependa nguo kuliko mimi, akaomba alijaribu joho, nami nikamvisha. Alisimama wima, akacheka, akauliza kama malkia naye hupika. Niliingia ndani kutafuta pini. Kurudi, yule bwana ameshauweka ubao wa jaribosi chini, usawa wa magoti ya nyanya, jua limemrukia usoni kutoka huko, na picha ameshaipiga. Nilimwambia aifute, nikamweleza kwa nini, waziwazi, nyanya akisikia. Wala hakuwa mtalii wa kuelezwa. Ni mtu wa pwani hii hii, anayajua haya kama ninavyoyajua mimi. Akaniambia sawa dada, nitaifuta.

Hakuifuta. Kesho yake aliiweka mtandaoni kuitangaza kazi yetu. Mvi alizifanya ziwake, na nyusi pia, na chini yake akaandika: Mchawi wa Chumvi.

Mtoto wa kaka yake nyanya alipiga simu kabla hatujala chakula cha mchana. Picha ilikuwa imefika Ganze, vijana wanaonyeshana sokoni, wanasema kumbe huko alikokimbilia ndiko anakofanyia kazi zake. Akamwambia shangazi yake asije msimu huu. Nyanya akamuuliza aje msimu gani. Akasema salio linakwisha.

Nilimpigia mpiga picha nikamtukana matusi ambayo sikujua ninayajua. Picha akaiondoa, lakini akanijibu kwamba ile ni sanaa, na tatizo ni watu wa bara huko, washamba, hawaelewi mzaha. Washamba! Wanaoua wazee si wajinga. Wanajua mpaka wa kila shamba ulipo. Walikuwa wanatafuta kisingizio tu, na yeye akawatilia mwanga. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huu haukumtumbukia yeye.

Siku chache baadaye alikuja kuomba radhi, amebeba sukari na majani ya chai. Akaamkia shikamoo kwa adabu zote. Akapendekeza ampige nyanya picha nyingine, amevaa leso nzuri, mwanga laini, anatabasamu, watu waone kuwa ilikuwa nguo tu. Nyanya alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mwanangu," akasema, "nyinyi mchezo wenu ukiisha mnavua. Mimi nivue nini?"

Nyanya hakusubiri jibu. Aliinuka, akaenda kwenye mtungi, akamchotea mgeni maji, maana mtu akija kwako na jua lile humpi maneno matupu. Yule bwana alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru. Akakitazama ndani. Midomo ilikuwa imemkauka, nilimwona akiilamba. Kisha akakiweka chini polepole, karibu na mguu wa kiti, akasema amekunywa njiani.

Nyanya alikiona. Mimi nilikiona. Tulimsindikiza hadi barabarani, na tuliporudi kikombe kilikuwa pale pale, kimejaa.