Tulivyokoga Mwaka kwa Vitunguu

Mama yangu alipohama Makunduchi kuja Birmingham, mimi na kaka yangu sote tulimtaka. Kaka anakaa Winson Green, mimi Small Heath. Mama akachagua kwangu kwa sababu msikiti uko karibu. Tangu hapo kaka akija kumwamkia mama, mimi hunipa mgongo.

Ikaingia Julai, jua limewaka hasa. Mama akasema, "Kwetu leo wanakoga mwaka. Mwite kaka yako. Na utafute mgomba."

Kwetu siku hiyo watu huchapana uwanjani kwa mashina ya mgomba mpaka vinyongo viwatoke, wanawake wakiimba pembeni. Kisha kibanda cha makuti huchomwa, mabaya ya mwaka yaende na moshi.

Nilizunguka Coventry Road yote, nikapata majani ya mgomba tu, yamekunjwa ndani ya plastiki. Nikarudi na liki, vile vitunguu vya majani virefu kama mkono. Mama akajipiga kwa kimoja kiganjani, akacheka.

"Kinauma kidogo. Kitafaa."

Kaka alifika na sare yake ya kazi. Mama akatupa kila mmoja liki lake uani.

"Haya, chapaneni."

"Mama, sisi watu wazima," kaka akasema.

"Ndiyo maana mmenuniana mpaka leo. Watoto wangeshasahau."

Nikamgusa begani. Akanirudishia. Nikamchapa kweli, naye akanichapa, mara akapaza sauti: "Mama ni wangu pia!"

"Nani kasema si wako?" nikamjibu.

Akasimama, liki limemkatikia mkononi, majani yamemjaa kichwani. Kisha akacheka. Mama alikuwa anaimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu aje huku.

Jirani yangu, Msomali aliyekulia Nairobi, akachungulia juu ya ua. "Mko sawa? Huyu anakuchapa kwani?"

"Tunakoga mwaka," mama akamjibu. "Njoo ule, mwanangu. Siku ya mwaka hatuli bila mgeni."

Akaja. Mama alikuwa amesuka kibanda kidogo cha nyasi kavu. Tukakichoma kwenye jiko la kuchomea nyama, tukala wali na pweza.

Kaka alipoaga, aliniuliza mimi. "Ijumaa nije nimchukue, alale kwangu?"

"Njoo," nikasema.

Ijumaa akaja. Mama alipokaa vizuri garini, kaka akanifungulia na mimi mlango.