Mgonjwa wa Kuigiza

Wakufunzi wa huduma ya dharura walitaka kupima mtu akizimia Kariakoo atasaidiwa baada ya dakika ngapi. Nikakubali kuigiza mgonjwa. Nilijilaza mbele ya duka la vitenge, macho nimefumba, masikio yote yako kwenye mfuko wenye simu. Kariakoo sikuanza kuijua jana. Haikuchukua muda, mkono wa mtu ukaanza kunipapasa mfukoni. Nikakurupuka, “Mwizi!”

Alikuwa mbeba mizigo, baba wa makamo. Kabla hajajieleza, wapita njia walishamshushia ngumi.

“Dada, nilikuwa natafuta simu niwapigie ndugu zako,” alisema, mdomo unavuja damu.

Wakufunzi walikuja mbio kumfunga bandeji. Kwenye fomu yao, mpaka leo, mgonjwa ni mimi.