Walinipima Mimi Peke Yangu

Mdogo wangu alikufa kwa selimundu akiwa darasa la tatu, na jambo hilo sikumficha mchumba wangu. Nilimwambia mwenyewe kabla ya posa. Hadi leo najilaumu kwa uungwana ule.

Wakati huo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati, na Masasi tukapata maabara ya kupimia damu. Mjomba wa mchumba, mwenye kauli ya mwisho juu ya ndoa yake, akatoka Mnyambe na sharti moja: nipimwe.

"Na yeye je?" nikauliza.

"Mwalimu, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Damu mbaya hupita tumboni. Mwanamume apimwe nini?"

Nilimweleza kwamba mtoto huugua akirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Hayo nilikuwa nayafundisha darasani, Newala hapo hapo! Mjomba wangu mwenyewe akanikemea nisibishane na wakwe.

Nikapimwa. Majibu sikupewa mimi mwenye damu. Mpimaji alimkabidhi mjomba wa mchumba, ndiye aliyenipeleka, naye akayasoma barazani kwetu, majirani wakisikia: nina vinasaba vya selimundu. Sikuwa mgonjwa, sijawahi kuwa. Mchumba wangu alikuwepo, hakufungua mdomo. Posa ikavunjwa, na wadogo zangu wa kike, ambao hawakuwahi hata kupimwa, wakaanza kukwepwa na waposaji. Nililia kwa hasira, si kwa mapenzi.

Alioa Tandahimba. Miaka michache baadaye nilimkuta mkewe stendi ya Newala, amebeba mtoto aliyevimba vidole vya mikono na miguu, kama marehemu mdogo wangu alipokuwa mchanga. Mjomba wa mumewe alikuwa ameamua kwamba tumbo lake ni baya, arudi kwao.

"Shikamoo, dada," akaniamkia. Alinijua.

"Marahaba." Nikamwambia amlazimishe mumewe akapime, maana ugonjwa huu mtoto kaupata kwa wote wawili.

"Alishapima, dada. Nilikikuta cheti sandukuni mwake. Alipima Mtwara, naye ana vinasaba hivyo."

Nikamuuliza ni lini. Akanitajia mwezi na mwaka. Ilikuwa mwezi mmoja kabla mjomba hajaja kudai nipimwe.

Mjomba wake hakujua, na nimejitahidi kumsamehe. Mchumba wangu alijua, na alinyamaza mara mbili.